Mwongozo wa programu ufunguke kila kifaa: namna ya kuchagua aina ya faili

Chukua programu ya kupimia samaki mwaloni. Aliyeiandika anatumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Karani wa Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, ana kompyuta ya Windows 10, mhasibu ana laptopu ya Mac, na wapokea dagaa wa visiwa vya Ukerewe, Ukara na Kome wana simu za Android peke yake, tena simu ambazo hazina nafasi ya kuongezewa programu nyingine. Wote wanatakiwa kusoma mwongozo ule ule. Ukitumwa kwa faili lisilofaa, karani ataona kurasa tupu, mhasibu ataona herufi za ajabu, na wa Ukara hataona kitu mpaka avuke maji kuja kuuliza.

Jambo la kwanza kukubaliana ni kwamba faili la kuandikia na faili la kusomea ni vitu viwili. Wanaoandika mwongozo moja kwa moja kwenye Word na kuutuma ulivyo hujifunga mara mbili: msomaji analazimika kuwa na Word, na mwandishi hawezi kuona nini kilibadilika kati ya toleo la jana na la leo. Tunachopendekeza ni hiki: andika mara moja kwa maandishi matupu ya Markdown (yenye alama chache za kuonyesha vichwa na orodha), kisha toa HTML (ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari) ya faili moja kwa ajili ya kila mtu, PDF kwa ajili ya printa, na faili dogo la TXT la maelezo ya kusimika programu. DOCX, faili la Word, ibaki ndani ya ofisi, kwa wale wanaosahihisha lugha.

Sababu za mpangilio huo ziko kwenye tabia za mafaili yenyewe.

Maandishi matupu: rahisi, lakini yana mitego miwili

TXT hufunguka kwenye kila mfumo endeshi bila kusimika chochote. Shida yake ya kwanza ni mwisho wa mstari. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, namba 13 na 10. Linux na macOS humaliza kwa baiti moja, namba 10. Notepad ya zamani haikuielewa namna ya Linux, ikaonyesha mwongozo mzima kama mstari mmoja mrefu. Hilo lilirekebishwa kwenye Windows 10 toleo 1809, la mwaka 2018. Lakini kompyuta zenye Windows 7 bado zipo maofisini, kwa hiyo TXT inayokwenda kwa watumiaji wa Windows itoke na miisho ya Windows.

Kinyume chake kina madhara makubwa zaidi. Ukiweka kwenye nyaraka mfano wa skripti ya bash (mfululizo wa amri za Linux) uliohifadhiwa kwa miisho ya Windows, mtumiaji wa Linux atajibiwa `/bin/bash^M: bad interpreter`. Ile `^M` ni baiti namba 13 iliyong'ang'ania mwisho wa mstari wa kwanza. Kama mnatumia Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, weka faili liitwalo `.gitattributes` kwenye folda ya mradi, lenye mistari hii:

```
* text=auto eol=lf
*.bat text eol=crlf
SOMA-KWANZA.txt text eol=crlf
*.png binary
```

Hapo kila mwandishi, awe na Windows au Mac, anapata na kurudisha mafaili yaleyale.

Mtego wa pili ni usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyogeuza herufi kuwa baiti. Hapa Kiswahili kina bahati kubwa: hakihitaji alama juu ya herufi kama Kifaransa, na maneno yake yote yanaandikika kwa herufi 128 za ASCII ambazo kila kompyuta inazijua. Panapoharibika ni kwenye ile alama ya ng'. Word hubadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye ASCII. Ndani ya UTF-8, usimbaji wa kisasa wenye herufi za lugha zote, inachukua baiti tatu, E2 80 99. Faili hilo likisomwa na programu inayodhani ni usimbaji wa zamani wa Windows, ng'ombe anageuka `ngâ€™ombe`. Kwenye dirisha jeusi la amri la Windows unaweza kuona `ngÔÇÖombe`. Ukiona mojawapo ya sura hizo, usihangaike na fonti; faili ni zima, ila limesomwa kwa usimbaji usio wake.

Basi amua hivi: mafaili yote yahifadhiwe UTF-8, na alama ya ng' iandikwe iliyonyooka kila mahali. Mbali na kuzuia uchafu huo, inasaidia kutafuta: ukitafuta `ng'oa` kwa `grep`, amri ya Linux ya kutafuta maneno, mahali palipoandikwa kwa alama iliyopinda hapatatokea. Kwa TXT, usitumie kabisa kitu kilicho nje ya ASCII, hata alama ya nyuzi joto. Andika "nyuzi 4" inatosha.

Markdown: ya kuandikia, si ya kutuma

Markdown ilibuniwa na John Gruber mwaka 2004, na uzuri wake ni kwamba hata kabla ya kugeuzwa inasomeka. Kichwa ni mstari unaoanza na `#`, orodha inaanza na kistari, amri inafungwa kati ya alama mbili za backtick (kinukuu kimoja kilichoinamia kushoto). Git inaonyesha mstari gani umebadilika, nani kaubadilisha na lini. Faili la kurasa 50 halifiki hata MB moja.

Lakini usimtumie msomaji faili la `.md`. Kwenye Windows akilibofya mara mbili ataulizwa alifungue kwa programu gani, na kwenye simu nyingi halifunguki kabisa. Geuza kwanza. Chombo cha kugeuzia ni Pandoc, cha bure, kilichoanzishwa na John MacFarlane mwaka 2006, na kinafanya kazi Windows, Linux na macOS.

Mwanzoni mwa `mwongozo.md` weka kichwa hiki:

```
---
title: Mwongozo wa Mizani
lang: sw
date: toleo 2.3
---
```

Mstari wa `lang: sw` una kazi. Unakiambia kivinjari kuwa maandishi ni ya Kiswahili, na kisomaji cha sauti cha asiyeona kinajua kitamke kwa lugha gani. Ukiuacha, Chrome inaweza kukisia lugha nyingine na kumwuliza msomaji kama atafsiriwe.

Kisha, ukiwa kwenye folda hiyo:

```
pandoc -f markdown-smart mwongozo.md -s --toc \
  --toc-depth=2 --embed-resources \
  -o mwongozo-2.3.html
```

Kwenye Windows andika yote mstari mmoja bila mikwaju ya nyuma. Neno `-smart` linazuia Pandoc isipinde alama ya ng' yenyewe, jambo ambalo ndilo tabia yake ya kawaida. `--toc` inatengeneza yaliyomo yenye viungo. `--embed-resources` inameza picha zote ndani ya HTML; ipo kuanzia Pandoc 2.19. Ubuntu 22.04 inakuja na 2.9.2, na humo chaguo hilo linaitwa `--self-contained`.

Onyo kwa wa PowerShell ya Windows: usitumie alama ya `>` kuelekeza matokeo kwenye faili. PowerShell 5.1 itahifadhi kwa UTF-16, na kurasa za Kiswahili zitaharibika au faili litakuwa na ukubwa maradufu. Tumia `-o` siku zote.

HTML ya faili moja ndiyo chaguo la kwanza

Kivinjari kipo kwenye kila kifaa, kuanzia kompyuta ya mhasibu mpaka simu ya elfu themanini. HTML hujipanga upya kulingana na upana wa kioo, kwa hiyo msomaji wa simu hahitaji kuvuta na kusukuma ukurasa kwa vidole. Amri inakopiwa bila kukatika. Na haihitaji mtandao, mradi faili liko kwenye simu.

Tunasisitiza "faili moja" kwa sababu HTML yenye folda ya picha pembeni huharibika njiani kwa namna tatu tofauti. Ukiituma kwa WhatsApp, simu hulifungua faili peke yake na haioni folda ya jirani, hivyo kila picha inakuwa kisanduku kitupu. Ukiifunga kwenye ZIP, mtumiaji wa Windows hubofya HTML akiwa bado ndani ya ZIP; Windows hutoa faili hilo moja tu kwenye folda ya muda, na picha zinabaki nyuma. Namna ya tatu humkuta mwandishi mwenyewe: ameandika `Picha/Mizani.PNG` wakati faili linaitwa `picha/mizani.png`. Windows na Mac, kwa mipangilio ya kawaida, hazitofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo kwake picha inaonekana. Linux inatofautisha. Mwongozo ukipandishwa kwenye seva ya Linux, picha zote zinapotea.

Gharama ya kumeza picha ni ukubwa: picha iliyomezwa inaongezeka kama theluthi moja. Picha za MB 3 zinakuwa MB 4. Kwa mtu wa visiwani anayenunua bando dogo, na mtandao unaokatika kila upepo ukigeuka, hilo ni jambo la kuangalia. Punguza picha kabla ya kuzimeza. Picha ya skrini haihitaji upana unaozidi pikseli 800, na ihifadhiwe PNG kwa sababu JPEG huchafua kingo za maandishi. Picha ya kitu halisi, kama waya unaoingia kwenye mizani, iwe JPEG. Simu hupiga picha za pikseli 4000 kwa 3000 zenye MB kadhaa. Ikipunguzwa mpaka upana wa 800 inashuka chini ya KB 200 na waya bado unaonekana.

Kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri, kazi hiyo ni mstari mmoja:

```
magick mogrify -resize "800x>" picha/*.png
```

Alama ya `>` inasema "punguza tu, usikuze". Alama za kunukuu ziwe za jozi kama hapo. Kwenye dirisha la amri la Windows alama moja haitambuliki, na `>` itaunda faili jipya badala ya kupunguza picha. Nakili folda ya picha kwanza, maana `mogrify` huandika juu ya faili la asili.

Mwongozo usitegemee JavaScript, wala fonti au mitindo ya kupakuliwa mtandaoni. Baadhi ya visomaji vya HTML vilivyomo kwenye simu huvizuia vyote viwili. Mtindo ambao Pandoc inaweka yenyewe unatosha, na tayari unajua kujibana kwenye kioo cha simu.

PDF: kwa karatasi na kumbukumbu

PDF ya Adobe ilitoka mwaka 1993 na ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, mwaka 2008. Nguvu yake ni kwamba ukurasa hauhami: uliopangwa Nyegezi utatoka ulivyo kwenye steshenari ya Nansio, Ukerewe. Udhaifu wake ni huohuo. Ukurasa wa A4 kwenye kioo cha inchi sita hausomeki bila kukuzwa, na amri ndefu iliyovunjwa mistari miwili ikikopiwa inakuja na mkato katikati, inakataa kufanya kazi, na mtumiaji anadhani programu ndiyo mbovu.

Njia nyepesi ya kuipata: fungua HTML kwenye kivinjari, bonyeza Ctrl+P (Cmd+P kwenye Mac), chagua kuhifadhi kama PDF, weka karatasi A4, zima vichwa na nyayo za kurasa. Usisahau A4. Vivinjari vingi vilivyosimikwa kwa Kiingereza cha Marekani huanza na Letter, ambayo ni fupi kwa milimita 18 na pana kwa 6, na printa itapunguza au kukata. Pandoc inaweza kutoa PDF moja kwa moja kupitia LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa, lakini kifurushi chake kamili, TeX Live, ni GB kadhaa. Kwa bando la kawaida haifai.

Mistari ya amri isizidi herufi 70, ili ikae kwenye A4 bila kuvunjika. Usiandike "bonyeza kitufe chekundu", kwa kuwa karatasi itaprintiwa nyeusi na nyeupe. Andika jina la kitufe. Kabla ya kupeleka, hakiki fonti kwa `pdffonts mwongozo-2.3.pdf` kwenye Linux au Mac: safu ya `emb` iseme `yes` kila mstari. Ikisema `no`, kompyuta nyingine itaweka fonti yake na mpangilio utahama.

Kama mwongozo unatakiwa kukaa kwenye kumbukumbu za ofisi kwa miaka, tumia PDF/A, aina iliyowekwa kiwango mwaka 2005 kwa kazi hiyo hasa: kila fonti imo ndani na hakuna kinachotegemea nje. LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word, ina kisanduku cha kuichagua kwenye dirisha la kutoa PDF.

Kwa watu wa mwaloni, ambao mikono imelowa na simu iko mfukoni, hata PDF ya kurasa 40 haina maana. Toa ukurasa mmoja wa A5: kuwasha, kurudisha sifuri, kupima, kutuma. Ulaminetiwe na kufungwa kwenye nguzo ya mizani.

Zinazobaki

DOCX ilianza na Office 2007 na ODT, faili la LibreOffice, ikawa kiwango cha ISO mwaka 2006. Zote nzuri kwa kusahihishana. Kwa nyaraka za programu zina kasoro ya hatari: Word hupinda alama za kunukuu na huunganisha vistari viwili kuwa kimoja kirefu. `--toc` ikigeuka `–toc`, hakuna mfumo utakaoielewa, na kwa macho tofauti haionekani. Mkilazimika kuitumia, zimeni marekebisho hayo kwenye mipangilio ya AutoCorrect kabla ya kuandika amri yoyote.

EPUB, aina ya faili la vitabu vya kielektroniki, hujipanga vizuri kwenye simu, na Pandoc huitoa kwa kubadilisha jina la mwisho kuwa `.epub`. Mac na iPhone huifungua kwa Apple Books. Windows haina kisomaji chake tangu Edge ilipoiacha mwaka 2019, na Android nyingi zinahitaji programu ya ziada. Itoe ikiwa wasomaji wako wameiomba.

CHM, msaada wa zamani wa Microsoft, achana nayo. Ni ya Windows peke yake, na hata huko, faili lililopakuliwa mtandaoni huonyesha yaliyomo upande wa kushoto na ukurasa mtupu upande wa kulia, mpaka ulibofye kwa kitufe cha kulia, uingie Properties na kubonyeza Unblock. Mtangulizi wake, HLP, aliondolewa kuanzia Windows Vista, na miongozo ya miaka mingi ikawa haifunguki. Kama programu yako inaendeshwa kwa amri kwenye Linux, ongeza ukurasa wa `man`, mwongozo unaosomwa humo humo kwenye dirisha la amri: `pandoc -s -t man`. Wanaoutumia wanautegemea.

Majina na safari ya faili

Jina liwe la herufi ndogo, tarakimu na kistari: `mwongozo-2.3.html`. Epuka nafasi, na usitumie alama `< > : " / \ | ? *`, kwani Windows inazikataa zote. Faili liitwalo `mwongozo 12:30.pdf` litaundwa vizuri Linux, kisha litagoma kunakiliwa kwenye flashi. Usiite faili `con`, `aux`, `nul` wala `prn`. Hayo ni majina ambayo Windows imejiwekea tangu zama za DOS.

Flashi ya kuzungusha ifomatiwe exFAT. NTFS, fomati ya Windows, kwenye Mac husomeka tu bila kuandikika. Ukinakili kutoka Mac, huzaliwa mafaili madogo kama `._mwongozo-2.3.pdf`, mtumiaji wa kompyuta au simu nyingine akiyaona hulibofya hilo badala ya lenyewe na kuambiwa limeharibika. Yafute kwa `dot_clean -m /Volumes/JINA-LA-FLASHI` kabla ya kuichomoa. Ukihitaji kufunga mafaili pamoja, tumia ZIP. RAR na 7z zinadai programu ya ziada kwenye kompyuta nyingi.

Kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha, maana picha hubanwa na maandishi ya skrini huwa ukungu.

Jaribu kabla ya kusambaza

Weka HTML kwenye simu ya bei ya chini kabisa utakayoipata, zima data, ifungue. Fuata kiungo kimoja cha yaliyomo, angalia picha ya mwisho, tafuta neno lenye ng'. Ifungue kwenye Windows na ukopi amri moja mpaka kwenye dirisha la amri. Ifanye kazi bila kurekebishwa. Fanya hivyo Linux na Mac. Printi kurasa mbili za PDF, mmoja wenye amri ndefu na mmoja wenye picha. Yote hayo hayafiki saa moja.

Namba ya toleo iwe kwenye jina la faili na pia kwenye mistari ya juu ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu simu hubadilisha jina la faili linapopakuliwa mara ya pili na kuliita `mwongozo-2.3 (1).html`. Toleo jipya likitoka, tuma kwenye kundi lile lile la WhatsApp pamoja na mstari unaosema kilichobadilika, na uwaombe wafute la zamani. Kadi ya A5 iliyo kwenye nguzo ibadilishwe safari ya kwanza ya fundi.